Kupata Nafasi Chuoni ni Jambo Moja, Kuwa Mwenyeji ni Jingine

Ramadhani iliyopita mpwa wangu aligonga mlango wangu hapa Tassia saa nne kasorobo usiku. Alivua viatu, akaketi mkekani, na kabla sijamwekea chai akasema, "Mjomba, mimi nataka kurudi Mombasa. Chuo chenyewe nakiacha."

Yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha hapa Nairobi. Alifaulu vizuri, jina likatoka, mtaa mzima kule nyumbani ukapika pilau. Sasa ameketi mbele yangu, muhula wa pili haujafika katikati, na anazungumzia tikiti ya basi.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa lile ambalo wengi wetu tungetoa. Nilimwambia, "Vumilia, mwanangu. Nairobi ndivyo ilivyo." Akaniangalia, akanyamaza. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba neno hilo, vumilia, ndilo lililokuwa likimfukuza. Alikuwa amelisikia kwa kila mtu tangu siku ya kwanza.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi na vijana wa Pwani ambao kila mwaka hupokea barua za vyuo vya bara. Tunajua kutafuta karo, sanduku na godoro. Kitu kimoja hatukizungumzi sana, nacho ndicho humrudisha mtoto nyumbani akiwa na alama nzuri na karo imelipwa.

Kilichotokea

Siku hiyo walikuwa na mtihani wa kati ya muhula jioni, ndani ya kipindi kinachoanza saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu. Magharibi ikaingia akiwa ukumbini. Akatia mkono mkobani kutoa tende moja ya kufungulia. Msimamizi akamwona, akamwamuru asimame, akaumwaga mkoba juu ya meza mbele ya watu wote akitafuta karatasi za kuibia mtihani. Zikatoka tende tatu, chupa ya maji na tasbihi. Darasa likacheka. Msimamizi naye akacheka, akasema watu wa Pwani hawawezi kukaa saa tatu bila kula.

Ukilisimulia, ni jambo dogo. Hakupigwa, hakufukuzwa, na mtihani aliumaliza. Lakini lilikuwa juu ya mengine. Katika kazi za kikundi, wenzake walijipanga siku ya kwanza kwa waliotoka skuli moja au kaunti moja, yeye akabaki na waliobaki. Katika kundi la WhatsApp la darasa, mazungumzo huanza kwa Kiingereza kisha yakahamia lugha ya mama ya walio wengi, hata inapotangazwa kwamba kipindi kimehamishwa. Mara mbili alifika chumba kisichokuwa na mtu. Akizungumza Kiswahili chake cha nyumbani, husikia, "Wewe unaongea kama mtangazaji wa redio." Na kila anapofanya vizuri husifiwa kwa mshangao, kana kwamba binti wa Pwani kufaulu hesabu ni muujiza.

Hakuna hata moja kati ya haya ambalo peke yake lingemfanya mtu aache chuo. Yakikusanyika, yanamwambia neno moja kila siku: wewe hapa ni mgeni.

Mambo matatu tofauti

Siku hizi vyuo vina sera zenye maneno mazito: uanuwai, ujumuishi, na hali ya mtu kujihisi wa mahali pale. Wengi huyachanganya. Mimi niliyaelewa kwa kulitazama jengo ninamoishi.

Anayezijua Tassia, Fedha na Pipeline anajua ghorofa zetu zilivyobanana. Katika ngazi zetu kuna Mkisii, Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Msomali, Mluhya, na sisi wa Pwani nyumba mbili. Huo ndio uanuwai, yaani watu wa aina mbalimbali kuwa chini ya paa moja. Haukutugharimu lolote. Ulikuja wenyewe kwa sababu kila mtu alitafuta nyumba ya bei anayoiweza karibu na barabara ya Outering.

Maji yakikatika na mkutano ukaitwa kuamua nani atachangia tangi jipya, je, kila nyumba huitwa? Na wanaokuja husikilizwa? Huo ndio ujumuishi. Huo hauji wenyewe. Lazima mtu agonge milango.

La tatu ni pale unaposafiri kwenda Mombasa kwa Idi, ukamwachia jirani ufunguo bila kufikiri mara mbili. Hapo umekuwa mwenyeji. Jirani hajabadilika kuwa Mswahili, nawe hujabadilika kuwa Mkamba. Kila mmoja anajua tu kwamba mwenziwe hapa ni kwake.

Vyuo vyetu vingi vina la kwanza, vinajitahidi kwa la pili, na havijagusa la tatu. Bodi inayowapangia wanafunzi vyuo, KUCCPS, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huweza kumchukua mtoto wa Faza ikampeleka Nairobi, na wa Nyeri ikampeleka Kilifi. Lakini haiwezi kumfanya mtu awe mwenyeji. Hiyo ni kazi ya chuo na ya wanafunzi wenyewe.

Sheria inasema nini

Wazazi wengi hudhani mambo haya ni hisani, ukiyapata ushukuru. Si hivyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ulemavu, mavazi, lugha na mengineyo. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dini, pamoja na haki ya kuabudu na kuadhimisha siku ya ibada, na kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika na kuingia mahali pote pa umma, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu na njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwe na mipango maalumu ya kuwafungulia milango ya elimu walio wachache na waliotengwa.

Kisha kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyopitishwa baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Sheria hiyo inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Chuo kikuu cha umma nacho ni taasisi ya umma. Tume ya NCIC ilipovikagua vyuo hivyo, ripoti yake ya 2012 ilieleza jambo ambalo wengi walilijua: vingi vilikuwa vimejaza wafanyakazi wa jamii inayoishi eneo chuo kilipo, na mara nyingi ndiyo jamii ya mkuu wa chuo.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mwanzoni mwa 2013 vyuo vingi vilipewa hati kwa mkupuo, vikiwemo vyetu viwili, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kuwa na chuo karibu ni neema. Lakini wanasiasa waliona pia ajira, zabuni na cheo, wakaanza kusema "chuo chetu". Septemba 2016 kule Eldoret, viongozi wa kaunti waliongoza maandamano kupinga kuteuliwa kwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, wakidai nafasi hiyo ipewe mtu wa eneo hilo. Mwanafunzi aliyetoka mbali akiyaona hayo hujifunza upesi kwamba yeye ni mpangaji katika nyumba ya watu.

Mwaka huohuo wa 2016, Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu kuhusu uchaguzi wa wanafunzi. Badala ya chuo kizima kupiga kura siku moja, idara au vitivo huchagua wajumbe watatu watatu, wasiwe wote wa jinsia moja, nao ndio huchagua baraza. Mwenyekiti na makamu wake lazima wawe wa jinsia tofauti, na kuna viti vya kuwakilisha maslahi maalumu ya wanafunzi. Shabaha ilikuwa kupunguza kura za ukabila, fedha za wanasiasa na fujo. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba wamenyang'anywa kura yao ya moja kwa moja, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini kwa mtoto anayetoka jamii ndogo mlango mmoja ulifunguka. Hahitaji kura za kabila kubwa la chuo kizima. Ahitaji kujulikana na kuaminiwa na wenzake wa idara.

Mlango wa kwanza uko nyumbani

Wako vijana wetu ambao safari yao hukwama kabla ya kufika Nairobi. Bila kitambulisho cha taifa ni shida kufungua akaunti ya benki na kuomba mkopo wa HELB, na vijana wengi wa Pwani, hasa wenye majina ya Kiislamu, wamepitia kamati za uchunguzi wakiulizwa vyeti vya babu zao. Wamakonde wa Kwale waliishi humu nchini vizazi kadhaa bila uraia mpaka serikali ilipowatambua baada ya matembezi yao ya miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023. Februari 2025 Rais alitia saini agizo la kuondoa uchunguzi wa ziada katika kutoa vitambulisho.

Nayataja haya kwa sababu kijana aliyeambiwa tangu utotoni athibitishe kuwa ni Mkenya hufika chuoni akiwa tayari na swali moyoni. Mzaha wa mhadhiri hauingii mahali patupu. Unalikuta swali lile likimngoja.

Liko pia la usalama. Aprili 2, 2015, magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na manusura walieleza jinsi wauaji walivyowatenga watu kwa dini. Lile lilikuwa shambulio juu ya wazo lenyewe la chuo, kwamba watoto wa dini zote wanaweza kulala bweni moja. Tunapomwangalia mwanafunzi aliyevaa buibui kwa jicho la shaka kwa sababu ya Garissa, tunaikamilisha kazi ya wale wauaji kwa mikono yetu.

Tulikuwa na chuo chetu

Wazee wetu waliufahamu uchungu wa kubaki nje ya mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pale Tudor palifunguliwa taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa waliochangia fedha ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye wanafunzi wa kila dini na kila kaunti.

Kijana mmoja aliyefanya kazi ya ukarani pale MIOME alikuwa ameomba kwenda Makerere akakataliwa, kwa kuwa alama zake hazikutosha. Jina lake Ali Mazrui. Baadaye alipata msaada wa masomo, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akaingia Makerere kwa mlango wa mbele, akiwa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Miaka ya 2000 akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Alipofariki 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa karibu na Fort Jesus.

Nilimsimulia mpwa wangu hadithi hii. Akaniambia, "Lakini mjomba, mimi si Mazrui." Ni kweli. Ndiyo maana chuo hakitakiwi kuwa mahali ambapo mtoto wa Pwani hupokelewa akiwa gwiji tu. Mwenyeji hahitaji kuwa gwiji ili akae kwao.

Utafiti unasema nini

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011, wa wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen. Waliwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Weusi na Weupe, wakawasomesha maelezo ya wanafunzi waliowatangulia. Waliotangulia walieleza kwamba nao mwanzoni walidhani chuo si mahali pao, lakini hali hiyo ilipita. Kisha wanafunzi wale wakaandika kwa maneno yao wenyewe jinsi walivyouona mwanzo wao. Zoezi zima lilichukua kama saa moja. Miaka mitatu baadaye, Weusi walioshiriki walikuwa na alama bora kuliko Weusi wenzao wasioshiriki, na pengo kati yao na Weupe lilikuwa limepungua kwa nusu.

Mafunzo yake ni haya. Mtoto anayejiona mgeni hulichukua kila pigo kama ushahidi: nimeanguka mtihani, basi hapa si pangu. Mtoto aliyeambiwa na waliomtangulia kwamba kila mtu hupitia hayo hulichukua pigo lilelile kama pigo tu, akainuka.

Lakini tusiliharibu somo hili. Haimaanishi kwamba tatizo limo kichwani mwa mtoto, azungumziwe kidogo kisha msimamizi aendelee kumwaga mikoba. Miaka mingi kabla, mwaka 1954, Gordon Allport alikwisha kuandika kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakuondoi chuki. Lazima wakutane wakiwa sawa, wafanye kazi moja yenye lengo moja, wategemeane, na wakubwa wa mahali pale waonyeshe kwamba wanaliunga mkono jambo hilo. Tazama sasa kazi za kikundi. Mhadhiri anayesema "jipangeni wenyewe" amevitupa vyote vinne. Anayepanga vikundi mwenyewe kwa kuchanganya majina amefanya kazi kubwa kwa dakika tano, bila bajeti.

Tulifanya nini

Siku ya pili niliacha kusema vumilia. Nilimwuliza anataka nini kibadilike, akataja mambo mawili: mitihani ya jioni izingatie wakati wa kufuturu, na matangazo ya darasa yatolewe kwa lugha ambayo kila mtu anaijua. Hakuomba msimamizi afukuzwe wala hakuomba radhi hadharani.

Tuliketi tukaandika barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, saa, ukumbi na kilichotokea, bila matusi. Tukataja Kifungu cha 27 na cha 32. Hakuipeleka peke yake. Alikwenda na Mwislamu mwenzake wa Mumias na yule msichana wa Kitui anayeishi naye chumba kimoja hapa Tassia, ambaye ni Mkristo na alikuwa ukumbini siku ile. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na uzito kuliko wote. Hakuwa akidai chake. Alisema alichokiona.

Waliipeleka ofisi ya mkuu wa maslahi ya wanafunzi, wakapigiwa muhuri nakala yao. Wiki moja kimya. Wakarudi. Hatimaye idara ikatoa tangazo kwamba kwa siku zilizobaki za Ramadhani mitihani ya jioni itakuwa na mapumziko ya dakika kumi na tano Magharibi ikiingia, kwa kila mtu, awe amefunga au hakufunga. Mwakilishi wa darasa akakubali matangazo yawe kwa Kiingereza au Kiswahili. Msimamizi hakusema lolote, na mpaka leo hajasema. Vikundi vya kazi bado wanajipanga wenyewe.

Kwa hiyo hatukushinda yote. Lakini siku ya mtihani uliofuata, mapumziko yalipofika, yule wa Kitui alitoa kikombe cha uji mkobani, na watu kumi hivi wakatoka nje kugawana tende na mandazi. Baadhi yao ndio waliocheka siku ile. Usiku huo mpwa wangu alipita kwangu kurudisha sufuria. Hakutaja tikiti ya basi.

La kufanya mwanao akiripoti

Kwa mzazi na kijana, haya ndiyo niliyojifunza.

Wiki ya kwanza, ijue ofisi ya mkuu wa wanafunzi iliko na mshauri nasaha ni nani. Usingoje tatizo ndipo uulize njia.

Jiunge na jumuiya ya dini yako na chama cha wanafunzi wa kwenu. Hapo utapata futari, nauli ya dharura na watu wa kukufikisha hospitali. Lakini jiunge pia na chama kimoja kisichokuwa na kabila wala dini: mdahalo, mpira, uandishi, msaada wa kwanza. Cha kwanza kitakupa pa kupumzikia, cha pili kitakupa pa kukulia.

Tafuta aliyekutangulia miaka miwili, umwulize mwaka wake wa kwanza ulikuwaje. Nawe ukifika mwaka wa tatu, mtafute wa mwaka wa kwanza.

Likitokea jambo, liandike siku hiyohiyo, weka nakala, nenda na mwenzio, na omba kitu kinachoweza kutendeka. Chuo kisiposikiliza, ziko ofisi za umma zinazopokea malalamiko: Tume ya Haki za Binadamu, Tume ya Jinsia na Usawa, NCIC, na Tume ya Utawala wa Haki, ile tuijuayo kwa jina la Ombudsman.

Na wewe mzazi, mtoto akikupigia simu akasema anataka kurudi, mwulize kumetokea nini kabla ya kumwambia avumilie.

Na sisi je?

Nisingekuwa mkweli kama ningemaliza hapa. Kilifi, Mombasa na Voi kuna maelfu ya wanafunzi kutoka bara. Wanapanga nyumba zetu, wananunua mahamri na mbaazi zetu, wanapanda tuktuk zetu. Tunawaitaje? "Wabara." Tunasema hawana adabu, wamekuja kuchukua nafasi za watoto wetu, mavazi yao yanaharibu mtaa. Kuna mwenye nyumba anayeongeza kodi akisikia jina la bara, na kuna darasa ambalo mtoto wa Meru huchekwa akisema "ngombe" bila king'ong'o.

Yule binti wa Meru naye ana mjomba. Naye usiku mmoja atampigia simu amwambie anataka kurudi nyumbani. Tukitaka watu wa bara wampe mtoto wetu dakika kumi na tano za kufuturu, tujiulize sisi tumempa nini mtoto wao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine huisema methali hiyo kwa kumfukuza mgeni. Mimi naisikia vingine. Ukimpa mtu jembe umemwonyesha shamba, na aliyeonyeshwa shamba si mgeni tena.